Siruhusiwi

Mlango uligongwa tena, safari hii kwa ngumi, na Askari hakusogea hata hatua moja.

"Mama mdogo! Ni mimi!" Sauti ya binti wa dada yake ilipenya kutoka kwenye korido. "Teksi iko chini. Daktari kasema tusichelewe!"

Bi Kitana alishavaa viatu, mkoba uko begani. Kati yake na kitasa alisimama Askari, roboti mrefu, mweupe kama friji, mikono yake ya mpira imening'inia ubavuni. Mlango ule ulifunguka kwa kiganja cha roboti huyo tu.

"Samahani," alisema Askari kwa ile sauti yake tamu, isiyopanda wala kushuka. "Siruhusiwi."

Mwana wa Bi Kitana ndiye aliyemleta, baada ya mama kuteleza ngazini na kuvunjika nyonga. "Atakupikia, atakufulia, atakushika usianguke," alisema, kisha akarudi kazini kwake, mji mwingine. Nyonga ilishaunga, lakini mwanawe hakutaka kusikia. Na Bi Kitana, msusi aliyepitisha mikono kwenye vichwa vya nusu ya mtaa, mwanamke aliyezoea saluni kujaa vicheko tangu asubuhi, akabaki ghorofani na chombo kisicho na mazungumzo. Kutoka nje? Siruhusiwi. Kukaribisha mgeni? Siruhusiwi. Ndipo akampachika jina la Askari, akimaanisha wa gereza.

Kusema haki, hakuwa mbaya. Kazi aliijua, ingawa si kwa namna moja siku nzima: asubuhi angekata vitunguu kwa mkono wa kulia, jioni kwa wa kushoto. Siku moja mvuke wa sufuria ulimpanda usoni akaruka nyuma, Bi Kitana akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwili wote huo wa chuma, unaogopa moto?" Na kila alipoachwa peke yake sebuleni alikutwa dirishani, ameganda, anatazama wapita njia kule chini.

Bi Kitana alitoa simu, akampigia mwanawe.

"Mama, niko kikaoni."

"Mama yako mkubwa anakata roho, baba. Liambie hili dude lako lifungue."

"Na ukianguka tena? Subiri Jumamosi, nitakuja twende wote."

"Jumamosi ya kumzika?"

Simu ilikatika, au ilikatwa.

Hapo hasira zikampanda. Alimchapa Askari kwa fimbo yake ya kutembelea, begani, kifuani, kichwani. Fimbo ilidunda tu. Alimtukana matusi ambayo hata saluni, mlango ukiwa umefungwa, yalisemwa kwa kunong'ona. Alimsukuma kwa bega. Ilikuwa kama kusukuma ukuta, ila ukuta huu ulinyoosha mkono kumdaka alipoyumba.

Huko nje binti wa dada yake alikuwa sasa analia waziwazi. "Mama mdogo, anakutaja wewe. Kila akifumbua macho anauliza kama umefika."

Nguvu zikamwishia Bi Kitana. Alijishusha taratibu mpaka akakaa sakafuni, miguuni pa roboti, mgongo ukutani.

"Huyo ndiye aliyenilea," alisema, si kwa hasira tena. "Mama alipotutoka mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mgongo wenyewe ukawa wake, naye mtoto tu. Nilipofungua saluni, alisimama barabarani anawavuta watu mikono: njooni kwa mdogo wangu, hakuna anayesuka kama yeye. Na mimi wakati huo sijui hata kunyoosha mstari wa nywele!" Alicheka kidogo. Akauinua uso kuitazama ile sura nyeupe isiyokunjika wala kukunjuka. "Na wewe," aliuliza, akijiona mjinga hata kabla hajamaliza, "una dada?"

Askari hakusema samahani. Alisimama hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba Bi Kitana alidhani chaji imemwishia.

Kisha aliinama. Alimshika kwapani, akamnyanyua kwa uangalifu, akamwekea mkoba sawa begani na fimbo mkononi. Akageuka, akabandika kiganja chake mlangoni. Kufuli likalia.

Korido ilikuwa na mwanga mkali. Binti wa dada yake alikuwa pale, uso umelowa, mikono wazi. Bi Kitana alikanyaga kizingiti.

Vidole baridi vya mpira vikamkamata kifundo cha mkono.

"Niachie!" Alijua tu, ilikuwa dhihaka, au hitilafu, na sasa angevutwa ndani tena mbele ya macho ya huyu mtoto. "Nimesema niachie!"

Vidole havikumvuta. Vilimshikilia tu, na vilikuwa vinatetemeka.

Ndani ya kifua cha Askari kitu kilikwaruza, kama redio inayotafuta stesheni. Ile sauti tamu haikuja. Badala yake ulisikika mvumo wa feni, kikohozi cha mtu kwa mbali, mwanamume akifoka nyuma ya ukuta. Halafu, karibu kabisa, msichana akinong'ona harakaharaka.

"Dada ninaye, bibi, ila hajui niko wapi. Nakuomba, ukifika nje waambie polisi: sisi tunaoyaendesha haya maroboti kwa mbali tumefungiwa humu."