Programu Iliyoitwa Chakura

"Kaa mbele, baba. Leo nataka Mkurugenzi akuone vizuri."

Mzee akagoma. Alichagua kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, akaweka kofia magotini kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Ukumbi wa ofisi ya ustawi wa jamii ulijaa tangu saa tatu asubuhi. Wageni walikuja kuiona programu mpya ya kutafutia mafaili. Binti yake mzee ndiye aliyeibuni, akaiita Chakura, kwa sababu inafanya kazi kama kuku: haichoki kuchimbua. Programu nyingine husoma jina lililoandikwa juu ya jalada, basi. Chakura inasoma kila ukurasa ulio ndani, hata mwandiko wa daktari.

Miaka sita ya maisha yake ilikwenda humo. Watu wakadhani anapenda kompyuta. Kompyuta gani! Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumkomesha, na mtu huyo sasa alikuwa ameketi mstari wa mbele, ndani ya suti ya bluu: Mkurugenzi, mama wa makamo asiyejua kucheka.

Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja baba yake alipofukuzwa ofisi hii hii. Baba alikuwa karani wa masijala, kazi yake kupanga mafaili, na hakuwahi kupoteza hata bahasha. Kisha akaletwa ofisa mgeni, huyu huyu wa suti ya bluu. Siku ya tatu tu kazini, kabla hata hajapewa meza, akaomba faili namba 417. Halikuonekana. Akaliuliza kesho yake, na keshokutwa, na mwaka mzima. Alipopanda cheo tu, akaandika barua, na mzee akatoka getini na vitu vyake kwenye boksi. Kwa faili moja! Nafasi yake akapewa binamu wa huyo huyo mama. Sasa mwenye akili zake aseme, nani alilificha?

Mzee hakupata tena kazi ya maana. Alifua mashuka ya hosteli mpaka vidole vikababuka. Bila mke, peke yake, alimlea bintiye, akamsomesha, akamsuka nywele kwa mikono yake mwenyewe. Alisuka vibaya, lakini alisuka. Ndiyo maana kila binti alipoiona ile suti ya bluu, nyongo ilimpanda.

Siku alipoleta maombi ya kazi ya kuweka programu hii, Mkurugenzi alilisoma jina lake mara mbili.

"Wewe ni binti wa yule karani?"

"Ndiyo."

"Basi unajua ninachokitafuta."

Binti alitoka pale kwa hasira. Kumbe hata haya hana! Amemfukuza baba, sasa anamkejeli mtoto.

Alipomweleza baba yake mpango wake, mzee aliacha kula.

"Mwanangu, achana na hilo faili. Mimi nimeshasamehe."

"Mimi sijasamehe. Lipo humo humo ndani ya jengo. Si wewe uliyenifundisha kwamba masijala hawachani karatasi? Isiyotakiwa kuonekana inahamishiwa jalada jingine tu. Nitalifukua, nimwaibishe mbele ya wakubwa wake, nione atajificha wapi."

Mzee alisukuma sahani, akaenda kulala mapema.

Boksi la mwisho la mafaili liliingizwa kwenye Chakura jioni ya kuamkia siku ya maonyesho. Binti angeweza kuitafuta ile 417 peke yake, akajua moja. Hakutaka. Alitaka ikamatwe hadharani, na mwandiko wa aliyeificha ukiwa juu yake.

Ukumbini, hotuba zikaisha. Mgeni rasmi akaomba mfano mmoja.

"Achague Mkurugenzi," binti akasema kwa sauti tamu.

"Namba 417," Mkurugenzi akajibu papo hapo.

Binti nusura acheke. Kajipeleka mwenyewe!

Akaandika tarakimu tatu, akabonyeza. Zilipita sekunde nne. Ukutani likatokea jalada moja kuukuu: Matengenezo ya Matanki ya Maji. Watu wakacheka. Binti hakucheka. Aliutazama mwandiko wa lile jalada, herufi za duara zilizopangwa sawasawa. Ni mwandiko uliotia sahihi ripoti zake zote za shule.

"Izime, mwanangu," mzee akasema kule nyuma. "Izime tafadhali."

Lakini Chakura ilikuwa imeshafungua ukurasa wa faili namba 417, umejaa ukuta mzima, na ukumbi wote ukausoma. Jina la mama lilikuwa la Mkurugenzi. Hali ya mama: amelazwa hospitali, hana fahamu. Mtoto: wa kike, wiki sita. Apewe mlezi wa muda mpaka mama apone. Mlezi: karani wa masijala. Chini kabisa, kwa wino, zile zile herufi za duara zilikuwa zimeandika jina jipya la mtoto.

Binti alilisoma mara mbili. Lilikuwa lake.

Mkurugenzi alikuwa amesimama. Hakugeuka kumtafuta karani. Alikuwa akimtazama binti.

"Nilipona," alisema. "Miezi mitatu tu, nilipona. Nilipokuja kukuchukua, nikaambiwa faili halionekani."