Chura Aliyekwenda Kuposa

Chura wa mgombani alikwenda kuposa, mshenga wake akiwa Kinyonga, ambaye hushika matawi kwa kubana. Walipofika kwenye jani la wakwe, Kinyonga alimtazama vidole, akakunja uso.

“Ndugu yangu, utaingia ukweni na ute huo? Hebu futa!”

Chura aliona haya. Alisugua vidole kwa ganda kavu la mgomba mpaka vikakauka kabisa, kisha akakanyaga jani kwa adabu. Akateleza. Alipapasa huku na kule, vidole vikakataa kunata, akaporomoka hadi matopeni, salamu yake ingali mdomoni.

Mama wa binti, aliyenata barabara ukingoni kwa ute wake mwenyewe, alichungulia chini.

“Kijana msafi,” alisema. “Lakini mwanangu anakaa huku juu.”