Mzee Mkwizu Atakosa Hewa

Hakuna badiliko linaloingia kwenye msimbo wa nyumba, yaani maagizo ya kompyuta inayoiendesha, kabla ya kujaribiwa kwenye nakala ya nyumba hiyo ndani ya kompyuta. Nakijwa alikuwa ameandika mstari mmoja tu: mgao wa hewa iliyochujwa utoke chumba cha mashariki, uende kwa Mbonea, mwanawe wa wiki tatu. Ukaguzi ulikataa mara tisa kwa sababu ileile: Mzee Mkwizu atakosa hewa.

Mzee Mkwizu, baba mkwe wake aliyekuwa akilala chumba hicho, alizikwa Machi.

"Basi mwondoe kwenye nakala," alisema fundi wa zamu kwenye simu.

"Nimejaribu. Kumwondoa nako ni badiliko, na linakataliwa kwa sababu atakosa hewa."

"Ni kweli, atakosa."

"Kaka, amekufa! Nimepika mwenyewe msibani kwake. Mtoto wangu anakohoa, na wewe unamlinda maiti?"

"Dada, usinifokee, sheria sikuitunga mimi. Wenzako huwaandikisha watoto kwa jina la marehemu. Hewa itamfuata mtoto."

Nakijwa alimwandikisha Mbonea kwa jina la Mzee Mkwizu huku akitukana. Ukaguzi ulipita papo hapo. Hewa ikavuma juu ya kitanda cha Mbonea, kikohozi kikatulia.

Asubuhi nyumba ilimwamkia mtoto. "Shikamoo, Mzee." Droo ya dawa ikafunguka, ndani yake vidonge viwili vya presha. Nakijwa alivitupa.

"Mzee Mkwizu amekataa dawa," nyumba ikasema. "Mhudumu ameitwa aje kumsaidia kumeza."

Aliandika mstari wa kumzuia mhudumu. Ukaguzi ulikataa: Mzee Mkwizu atakosa dawa.