Mlango wa Pijo

Tangu milango ya nyumba zote ianze kujifunga yenyewe, taratibu, bila sauti, wenye hasira hawakuwa na cha kubamiza. Wakawa wanakuja gereji kwa Fundi Shekilindi. Wanaketi ndani ya gari lake kuukuu, Pijo, wanaubamiza mlango mara mbili tatu, wanarudi makwao wepesi.

Mzigo ukabaki kwa fundi. Alasiri ile, kwa mara ya tatu wiki hiyo, aliuinua mlango kwa jeki, akabadili pini za bawaba zilizolika, akausawazisha hadi ukalingana na bodi ya gari. Mgongo ulimuwaka moto.

"Mlango umepona?" Alikuwa Mama Hiza, mkewe, ambaye hakuwahi kukanyaga gereji.

"Umepona. Kuna nini, mama?"

"Nimekuja kama wengine."

Fundi alijua mkewe ana kinyongo naye. Siku hizi yeye mwenyewe nyumbani alirudi kulala tu. Akasogea nyuma, akangoja kishindo.

Mama Hiza akaingia, akauvuta mlango polepole. Ukafungika kimya, kama wa nyumbani.

"Ubamize, mke wangu," fundi akamsihi. "Nitautengeneza tena."

Mama Hiza akaanza kupandisha kioo cha mlango kati yao.