Anayeondoka Ijumaa

Kifutio aliisoma barua kwa mara ya tatu, chooni, mlango ameubana kwa mguu.

"Dada wa Sanduku, nimechoka. Ijumaa, kengele ya kipindi cha pili ikilia, natoka getini na sirudi. Usiogope, siachi dunia, naacha shule tu."

Herufi kubwa tupu, kama barua zote za sanduku la siri lililotundikwa nje ya maktaba. Ndiyo ilikuwa sheria: huandiki jina, unaandika namba, na jibu lako unalikuta limekunjwa rafuni. Muhula huu zamu ya kujibu ilikuwa ya Kifutio. Huyu alikuwa namba kumi na saba.

Barua zake za mwanzo zilikuwa za kulalamika tu. Kazi za hesabu zinazaana kama panya. Akimaliza rundo hili, kesho lipo jingine. Mama yake kapooza, lazima amgeuze kitandani kabla ya kuja shule. Na akiingia darasani, wote wananyamaza.

"Maskini, wanamtenga," Kifutio alijisemea.

Kwani yeye alikuwa na nafuu gani? Mama yake alifua mashuka ya hospitali kwa zamu, kwa hiyo wadogo zake pacha walikuwa wake kila jioni: huyu analishwa, yule anatafuna daftari. Saa chache, kazi tele. Kitendawili hicho hata ungetoa mji hupewi jibu. Jina lenyewe la Kifutio alibandikwa na mwalimu wa hesabu, kwa jinsi alivyofuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu huyo naye wanafunzi walimwita Nyundo, ila nyuma ya mgongo wake, tena kwa mbali.

Ijumaa, kipindi cha pili, Nyundo alikuwa na jaribio. Asiyekuwepo, sifuri. Sifuri mbili, mzazi anaitwa. Kifutio alikuwa nayo moja tayari.

"Kuna mtu anaacha shule leo," alimnong'oneza jirani yake wa dawati, wakiwa bado uwanjani. "Nitamzuia getini."

"Nani?"

"Simjui. Nitamjua akifika."

"Mganga hajigangi, lakini wewe mwenzangu umezidi! Na Nyundo je?"

"Atanipondaponda. Mtanizoa kwa ufagio."

Kengele ikalia. Wenzake wakakimbilia darasani, yeye akakimbia kinyume. Akasimama kando ya kibanda cha mlinzi, mikono haijui ikae wapi.

Uwanja ukawa mtupu. Dakika moja. Mbili. Akatokea msichana wa kidato cha kwanza, macho mekundu, anatembea haraka. Kifutio akapiga hatua. Yule akaingia stoo, akatoka na pakiti ya chaki, akarudi alikotoka huku akipiga chafya.

Dakika ya tatu. Ya nne. Labda amebadili mawazo. Labda ameruka ukuta.

Dakika ya tano akamwona Nyundo.

Alikuwa anakuja moja kwa moja, begi begani, ile rula yake ndefu ya mbao kwapani. Amenifuata, Kifutio aliwaza. Mlinzi naye akainuka kufungua geti.

"Kifutio! Mbona huko darasani?"

"Shikamoo, mwalimu. Kuna mtu namngoja."

"Mtu gani?"

"Simjui." Akalinyooshea geti kidole. "Anataka kuondoka leo, asirudi tena. Kazi zimemwelemea, na nyumbani ana mgonjwa. Hana hata wa kumwambia. Nipe sifuri yangu, mwalimu, nitaibeba. Mwite na mama. Lakini sitoki hapa mpaka nimwombe abaki."

Nyundo alilitazama geti, akamtazama yeye. Kisha akaliteremsha begi taratibu, akaiegemeza rula ukutani, akavua miwani.

"Haya, mwanangu," alisema. "Niombe."