Chumba cha Chini ya Ngazi

Bi Saleha alitoka chumbani kinyumenyume, kaziba pua kwa ncha ya mtandio, akatema mate kwenye tishu. Hakuweza kujizuia. Chumba kilinuka popo na mikojo ya paka, hakikuwa na dirisha hata la kupitisha mkono, na ukisimama katikati viwiko vyako vinagusa kuta zote mbili.

Murad, mwongozaji wa ziara, alisubiri watu watulie. Alizaliwa Jeddah, babu zake walitoka Unguja, na siku hiyo alikuwa akiwatembeza watu tisa kutoka Riyadh waliotaka kuusikia mji wa kale wa Jeddah ukielezwa kwa Kiswahili. Alikuwa ameshawaonyesha kuta za matumbawe na madirisha ya mbao yaliyotokeza juu ya vichochoro. Sasa akaeleza, kwa sauti ileile ya asubuhi, kwamba tajiri mwenye nyumba hii, kila kiangazi alipopanda Taif, milimani kwenye baridi, na familia yake, alimfungia mtumishi wake wa kike humu chini ya ngazi. Humwachia tende na mtungi wa maji, kisha komeo hupigwa kwa nje.

"Binadamu?" Bi Saleha aliuliza.

"Binadamu, mama."

"Na huku anaswali. Wallahi nimechefukwa. Huyo hakuwa tajiri, alikuwa hayawani."

Wanaume wawili wa msafara walikuwa wakicheka na kupigana picha, mmoja kajikunyata nyuma ya mlango akijifanya mfungwa. Bi Saleha aliwageukia akawauliza kama mama zao wangelifungiwa humo wangelipata nafasi ya kucheka. Simu zikarudi mifukoni.

Hapo ndipo Kemunto alipompenda. Kemunto, mmoja wa wale tisa, alikuwa muuguzi kutoka Kisii, mwaka wa tatu sasa kwenye hospitali moja ya Olaya, Riyadh, na maisha ya mkataba yalikuwa yamemzoesha kuona mambo mabaya watu wakiyapita bila kugeuza shingo. Kumpata mama mtu mzima, mwenye nyumba yake mtaa wa Naseem, Riyadh hukohuko, anayesema wazi kwamba uchafu ni uchafu, kulimpa faraja. Akamshika mkono wakateremka pamoja.

Mchana walikula samaki. Bi Saleha alishindwa kumaliza, maana kila alipopeleka tonge mdomoni harufu ya kile chumba ilimrudia. Akafunga mabaki kwenye karatasi, na walipotoka akawamwagia paka wa kichochoroni. Mmoja, mwenye sikio lililokatika, alikula bila kupumua.

"Mwone," alisema Bi Saleha. "Ndivyo alivyo huyo wangu. Ukimwekea chakula, hainui kichwa."

Kemunto akacheka, akamuuliza amemwacha na nani. Bi Saleha alisema amemwacha peke yake tangu Jumatano alipokuja umra. Mumewe alifariki, watoto wako Dammam, nyumba haina mtu mwingine. Amemwekea chakula cha kufika Jumamosi, yaani leo, na jioni hii mwenyewe atakuwa amesharudi. Ndiyo sababu tangu asubuhi alikuwa akimuuliza Murad saa ya ndege kila wakimaliza nyumba moja.

"Si ungemwachia jirani, mama?"

"Hasha. Jirani atamwachia mlango wazi. Niliyekuwa naye kabla yake aliona upenyo mara moja tu, sikumwona tena."

Kemunto aliuliza jina lake. Bi Saleha alisema alipofika alikuwa na jina la huko alikotoka, hakulipenda, akampa la Muna. Ilimchukua wiki mbili kulizoea. Siku hizi akiitwa mara moja tu anakuja, na usiku hulala jikoni, kimya, hamsumbui mtu. Alisema hayo kwa mapenzi kabisa, na Kemunto akawaza kwamba mwenye huruma huonekana hata kwa vitu vidogo.

Walikuwa ndani ya basi dogo, njiani kwenda uwanja wa ndege, Murad alipopokea ujumbe. Riyadh kuna tufani ya vumbi. Ndege zote za jioni zimeahirishwa hadi kesho mchana, halas, ndiyo basi, itabidi walale Jeddah.

Watu walinung'unika juu ya vyumba na mizigo. Bi Saleha aliwaka. Alimwambia Murad ziara gani hii, mtu analetwa kunusishwa uvundo wa watu waliokufa zamani, kisha anatupwa njiani. Halafu akahesabu siku kwa vidole juu ya mkoba.

"Chakula hakitafika kesho," alisema.

Kemunto alimsihi ampigie bawabu wa jengo, amfungulie mlango dakika moja tu, amtilie chakula afunge. Riyadh nzima ni vumbi, atatorokea wapi? Bi Saleha alitikisa kichwa. Bawabu hana ufunguo, na hata angekuwa nao, yeye asingempa ruhusa.

"Mwanangu wa kwanza aliniwekea kamera," alisema, akitoa simu. "Ngoja kwanza tumtazame. Pengine amejibakishia."

Aliigusagusa simu mpaka picha ikafunguka, akaisogeza katikati ili Kemunto naye aone. Jikoni, sakafuni, mwanamke aliyevaa aproni ya miraba alikuwa ameegemea mlango. Taa ya kamera ilipowaka, aliinua uso kuitazama.

"Madam," alisema, kwa Kiswahili cha kwao Kemunto, "mkate uliisha jana."