Jina la Jiwe

Mwashi hakupiga hodi. Aliupiga teke mlango wa ofisi ya parokia, kitasa kikaruka, akamkaba koo mrekodi wa majina, mgeni aliyekuja kuandika majina ya mahali kwa ajili ya ramani, na kumbandika ukutani.

Damu iliyokuwa kwenye ngumi zake haikuwa ya huyu. Mzee wa kengele, yule anayepiga kengele ya kanisa na mwenye mdomo usiotulia, alikuwa ameshapata chake kule ufukweni. Asubuhi mwashi alimwona kwa macho yake akimwonyesha mgeni huyu lile jiwe kubwa. Alikuwa anamwambia nini kingine?

"Umeandika?"

"Nimeandika nini, kaka?"

Kofi likamtoa miwani.

"Usinifanye mtoto. Jiwe la Muuaji. Jina hilo haliingii kwenye ramani yenu, labda niwe nimekufa."

Ungemwona ungemlaani, lakini mwashi naye alikuwa na lake moyoni. Muuaji mwenyewe alikuwa baba yake mzazi, aliyemsukuma jirani kutoka juu ya jiwe lile wakigombania nyavu. Jumamosi hii binti yake anaolewa, na wakwe, watu wa mbali, hawana habari. Minong'ono ya majirani ameizoea. Ramani ingesomwa na kila mtu, wajukuu zake wakiwemo.

Akampiga ngumi ya tumbo, kisha ya mdomo. Mrekodi akaporomoka chini, akatema jino.

"Nisikilize basi," akasema kwa shida. "Mimi siandiki jina mpaka wenyeji wawili wanitajie, kila mmoja kwa mdomo wake. Mzee wa kengele kanitajia Jiwe la Kengele. Akaniambia nije kwako uwe wa pili, tulimalize kabla ya harusi."

Mkono wa mwashi ukabaki juu.

"Kengele?"

"Kengele. Hilo la Muuaji," mrekodi akasema, akipapasa sakafuni kutafuta miwani yake, "ndiyo kwanza nalisikia, na nimelisikia kwako."

Mwashi akaketi kwenye benchi. Akazitazama ngumi zake, akaanza kuzifuta kwenye suruali, taratibu, moja baada ya nyingine.

Nje kulikuwa na vishindo. Mama muuza samaki akatokea mlangoni akihema, viatu mkononi.

"Padri yuko wapi? Mzee wa kengele tumemkuta amekufa, kapasuliwa kichwa."

"Mmemkuta wapi?" mrekodi akauliza.

"Pale pale, Jiwe la Muuaji."